Viatu vya Mama Ukutani

Sebuleni kwetu Kanja palikuwa na picha moja tu kubwa, ya Baba. Alipigwa picha hiyo ujanani katika studio ya Majengo, Meru, alipokuwa akifanya kazi huko: amesimama wima, mkono kiunoni, viatu vinang'aa, na nyuma yake pazia lililochorwa milima mirefu kuliko yeye. Baba alipofariki, Mama akaanza kusema anataka na yeye picha yake, itundikwe kando ya ile. Picha pekee aliyokuwa nayo ni ya kitambulisho, na humo alionekana kama mtu aliyetoka kukamatwa. Mgeni akiisifu picha ya Baba, Mama aliinuka kwenda kuangalia chai jikoni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini kaka yangu akaja likizo kutoka ng'ambo na kamera isiyotumia filamu. Picha ziliingia kwenye disketi, ile ile ya kompyuta. Alitaka kumpiga Mama picha akichuma majani chai. Mama akamtazama kwa huruma.

"Nani alikuambia mtu hupigwa picha akiwa kazini?"

Akavaa gauni la kanisani, akabeba viatu vipya katika mfuko wa nailoni visiguse matope, akavivalia pale pale kwenye nyasi mbele ya nyumba. Kisha akakauka kama mlingoti. Kaka akamwomba acheke kidogo.

"Kucheka ni kwa watoto. Wewe angalia viatu viingie."

Kaka akapanda ndege, akaniachia disketi na mzigo wote. Mimi nilikuwa mwalimu Embu mjini, na huko palikuwa na ofisi moja ya kompyuta yenye printa ya rangi, waliyoitumia kwa kadi za harusi. Dada wa pale akaichapa picha kwenye karatasi ya kawaida. Mama akatoka na uso wa kijani. Kabla sijafika stendi manyunyu yakanikuta, na rangi ya gauni la kanisani ikamwagikia nyasi. Hiyo sikumpelekea.

Nikarudi, dada akasema tuagize karatasi nzito yenye kung'aa kutoka Nairobi. Ilipofika, jamani, picha ilikuwa nzuri! Ungeona makunyanzi ya Mama moja moja, na hereni zake, na hata kuku aliyejipitisha nyuma bila kualikwa. Nilifika nyumbani nikijisikia mtoto wa maana.

Mama akaishika kwa ncha za vidole. Akaitazama, akaigeuza, akatazama nyuma yake.

"Na miguu umeiacha Embu?"

Kweli, picha iliishia chini kidogo ya magoti. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia uso ndio mtu, kwamba nimezunguka na disketi hiyo hadi nimechoka, kwamba hakuna atakayekuja sebuleni kuuliza viatu.

"Baba yako amesimama," akasema polepole. "Mimi niwekwe kando yake nikielea?"

Hasira zangu ni moto wa mabua. Zikazima hapo hapo, nikabaki na huzuni tu. Jumatatu nilikuwa tena mlangoni kwa yule dada.

"Madam, nilikuwa nimeijaza karatasi yote," akanieleza, "na hii printa haifikangi chini kabisa. Tukiipunguza miguu itaingia, lakini itabaki na nyeupe pande zote. Haitakaa smart."

"Wacha ikose kuwa smart. Weka miguu."

Akaipunguza. Viatu vikatoka vyote viwili, na vifungo vyake vidogo. Nilifurahi hadi yule dada naye akacheka.

Fundi wa fremu alipomaliza, nikaipeleka Kanja na nyundo mkononi. Nikapiga msumari, nikalinganisha fremu mbili juu kwa juu, nikarudi nyuma kujisifu. Mama akatikisa kichwa.

"Viatu," akasema. "Viatu ndivyo visimame pamoja."

Nikang'oa msumari. Nikapandisha, nikashusha, yeye akiniongoza kwa mkono kutoka kwenye kiti, mpaka viatu vyake vikawa sawasawa na vya Baba, kama watu waliosimama kwenye sakafu moja. Lakini sasa likatokea jambo jingine. Baba wa studio, na milima yake yote, alimfikia Mama masikioni tu.

"Mama, umempita Baba," nikasema. "Nirudi kwa yule dada aipunguze tena?"

Mama akacheka, kicheko kile kile alichoinyima kamera, akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Iache hivyo hivyo. Hata siku ya harusi nilimpita. Nikataka kuinama kidogo watu wasione, akanishika mkono akaniambia nisimame."