Wageni Arobaini Ndani ya Mkebe

Enzi zetu shule ilibebwa kichwani. Nyinyi wa rika langu mnajua nasema nini. Jumatatu kichwani una mtungi wa maji ya mwalimu, Jumatano una kuni za mwalimu, Ijumaa una kikapu cha mavi ya ng'ombe ya kusiliba sakafu ya darasa. Na kila siku una kigoda chako, maana ukikisahau nyumbani unakaa chini, na funza wanaanza kukusomesha kabla ya mwalimu. Mjukuu wangu leo anashushwa na bodaboda mlangoni pa shule, begi lake lina magurudumu, halafu jioni anasema amechoka. Begi ndilo limetembea, yeye ndiye amechoka.

Shule yetu ilikuwa upande wa Kisoko, wakati wa Mwingereza. Kuta za udongo, paa la nyasi, na mahali pa mlango palikuwa pale, mlango wenyewe haukuwahi kufika. Kuku waliingia wakati wa hesabu na kutoka wakati wa dini. Mwalimu Yokana alikuwa mwalimu peke yake, akifundisha madarasa matatu ndani ya chumba kimoja: la kwanza wanaimba a e i o u, la pili wanahesabu vijiti, sisi wa la tatu tunasoma kwa sauti. Ukipita barabarani ungesema hapa kuna harusi na matanga pamoja. Tuliandika kwenye kibao cha sleti, na kufuta tulifuta kwa mate. Leo mtoto anafuta kwa kidole juu ya kioo na mama yake anamkimbiza akanawe mikono. Sisi tulilamba masomo yetu na hatukuumwa tumbo.

Mimi nilipenda shule vibaya sana. Lakini mwaka ule wa darasa la tatu Baba alikuwa ameshatoa hukumu: muhula ukiisha, Athieno, ndiye mimi, anabaki nyumbani. Sababu zake zilikuwa mbili na zote zilikuwa na mdomo. Ya kwanza ndege wa wimbi. Ya pili mdogo wangu Oketcho, ambaye alikuwa hajaanza kutembea lakini kulia alikuwa amehitimu. Mama ana pamba ya kupalilia, kwa hiyo lazima mtu ashike mtoto, lazima mtu apigie ndege kelele.

"Na kelele unazo," Baba akaniambia. "Mungu hakukosea."

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajui kusoma, na jambo hilo lilimuuma mahali ambapo hakutaka mtu aguse. Ndugu yake, baba mdogo wetu, alikuwa anafanya kazi ya reli huko Nairobi. Barua zake zikifika, Mwalimu Yokana alizisoma Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, kwa sauti ileile ya mahubiri. Barua moja ilisema, "Mwambieni kaka apunguze kukaa kwenye chungu cha pombe ya malwa." Watu wote wakaitikia amina. Tangu siku hiyo, barua ikija, Baba alitembea nayo mfukoni mwa koti wiki mbili, tatu, kabla hajapata moyo wa kumpelekea mwalimu.

Sasa sikia. Siku moja Mwalimu Yokana akatutangazia: "Ijumaa jioni gari la misheni litatuletea watoto wa shule moja ya kijijini huko China. Waambieni wazazi, watu wote waje wawaone." Hakuongeza neno. Yeye alikuwa ameshaona sinema Tororo mjini, akadhani hata sisi tunajua. Nani ajue? Kwetu ukiambiwa gari linaleta watu, linaleta watu. Na watu wakifika, wanakula.

Mimi ndiye niliyeipeleka habari nyumbani, mbio, kigoda kikinigonga kichwa. Nyanya yangu, mama yake Baba, alikuwa anapepeta karanga.

"Wangapi hao?" akauliza.

Sikuwa nimeambiwa. Lakini kusema sijui ilikuwa kazi ngumu kwangu, mpaka leo. Darasani kwetu tulikuwa thelathini na wanane. Nikawaza China ni nchi kubwa, nikaongeza wawili.

"Arobaini," nikasema. "Na mwalimu wao."

Nyanya akaweka ungo chini. "Arobaini. Kutoka China. Wanakuja na miguu?"

"Gari, nyanya."

"Basi watakuwa wametapika njia nzima. Watafika na njaa."

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kila boma likatoa kuku mmoja. Wanawake wakafagia njia mpaka barabara kubwa. Nyanya akatenga nyumba yake ilale wasichana kumi na wawili, akaniuliza kama hao Wachina ni Wakatoliki au ni watu wetu. Nikamwambia ni watu wetu. Nilikuwa nimeshaanza, ningeachia wapi?

Ikabaki swali la chakula, maana mgeni huwezi kumpa kitu kinachomshinda kumeza. Baba akatembea mpaka Nagongera kumuuliza Mhindi wa duka, kwa sababu katika watu wote tuliowajua yeye ndiye aliyekuwa ametoka mbali kuliko wengine. Mhindi akamwambia Mchina anakula wali. Baba akarudi, akapanda juu ya kinu, akafungua mfuko uliokuwa umening'inia darini. Mchele wa Krismasi. Nyinyi mnaojua mchele wa Krismasi wa siku zile, niombeeni. Tulikuwa tunauangalia tangu Pasaka.

Ijumaa gari likaja. Tulikuwa tumepanga mstari, tumepakwa mafuta tunang'aa kama vyungu vipya. Akashuka dereva. Akashuka Bwana Wanyama, Msamia wa Busia, mtafsiri wa sinema, suruali ina mkunjo unaweza kukatia nyama. Halafu hakushuka mtu mwingine.

Tukangoja. Nyanya akaenda nyuma ya gari, akachungulia, akarudi.

"Watoto wako wapi?"

Bwana Wanyama akacheka, akapiga kofi mkebe mmoja wa bati, wa duara, mpana kama sahani. "Wako humu, mama. Shule nzima."

"Humu."

"Humu."

"Na mwalimu wao?"

"Yumo."

Nyanya akautazama ule mkebe. Akaweka sikio. "Wamenyamaza," akatuambia, na sauti yake ilikuwa ya matanga. Akamgeukia Bwana Wanyama. "Mmewafungia humu tangu China? Leteni maji haraka."

Mwalimu Yokana akataka ardhi imfiche. Ikabidi aeleze mbele ya watu wote kwamba ni picha, ni taa, ni vivuli, kwamba hakuna mtoto na hakuna mwalimu. Wanawake wakageuka wakatazama masufuria. Halafu kila jicho likatafuta aliyesema arobaini. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya Mama, Oketcho mgongoni, lakini Oketcho hajui kujificha, akapiga chafya.

Baba hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alisema polepole, kila mtu asikie: "Kumbe hii ndiyo wanayofundishwa. Haya, hakuna kungoja muhula uishe. Jumatatu Athieno anakwenda kwa ndege wa wimbi."

Nikalia. Na nyinyi mnanijua, mimi si mtu wa kulia.

Nyanya ndiye aliyeokoa chakula. "Kimepikwa," akasema, "na mgeni mmoja ni mgeni." Akamkalisha Bwana Wanyama kwenye kigoda changu, akamrundikia wali na mapaja mawili ya kuku, akakaa karibu naye akimnong'oneza muda mrefu. Mimi nilidhani anamuuliza kama ameoa.

Giza lilipoanza kuingia wakatundika shuka jeupe kati ya miti miwili. Mashine ikakohoa, mwanga ukatoka, mbwa wakakimbia. Na kweli, wakaja. Watoto wa China, juu ya shuka.

Sijui sisi tulitegemea nini. Labda majumba. Tulichoona ni ukuta wa udongo. Tuliona paa la nyasi, watoto pekupeku wanapanda kilima, kila mtu na kigoda chake kichwani au begani. Kuku akaingia darasani. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Hii ni Kisoko, hawa watu wanatudanganya." Tulipoona mwalimu wao anashika fimbo, darasa letu zima tukaficha mikono.

Sinema yenyewe haikuwa na sauti. Ilikuwa na maandishi tu, kama nyayo za kuku kwenye matope, na Bwana Wanyama hakujua hata moja. Haikumzuia. Alisimama na kipaza sauti chake, akawapa watu wote majina ya kwao.

"Huyu mwalimu anaitwa Barasa. Ni mkali lakini ana roho nzuri. Yule mrefu ni Ouma, hesabu inamshinda. Na huyu msichana, mwangalieni sana, huyu ni Nekesa."

"Kumbe China ni Wasamia," nyanya akasema.

Huyo Nekesa alikuwa saizi yangu. Mgongoni alikuwa amefunga mtoto, mdogo wake, kwa kitambaa. Alisimama akasoma ubaoni na yule mtoto akimvuta nywele, naye anasoma tu, anasoma. Oketcho naye alikuwa ananivuta nywele.

Halafu mlangoni pa lile darasa akatokea mwanamume na jembe. Baba yake. Alisimama kama Baba anavyosimama, uzito wote mguu mmoja. Akaingia, akamshika Nekesa mkono, akamtoa nje. Mwalimu Barasa akabaki ameshika chaki.

Shuka likawa jeupe. Tap, tap, tap, mashine ikasema, ikanyamaza.

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuitegemea.

"Alimpeleka wapi?" Ni Baba, amesimama. "Wewe bwana. Alimpeleka wapi yule mtoto?"

Bwana Wanyama akaangalia ndani ya gari. Hakukuwa na mkebe wa pili. Akaangalia sahani yake, ilikuwa tupu. Akashika kipaza sauti.

"Alimpeleka shambani," akasema. "Akampa jembe. Nekesa analima, mtoto mgongoni, na masomo anayasema kwa mdomo, hanyamazi. Sasa huyu baba, ndugu zangu, alikuwa na barua mfukoni. Imetoka kwa ndugu yake, mbali. Ametembea nayo siku nyingi, hataki isomwe mbele ya watu. Akaitoa. Akamuuliza mtoto, hii inasemaje? Nekesa akaweka jembe chini, akamsomea palepale, wao wawili tu na yule mdogo. Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Kesho yake asubuhi baba mwenyewe akamrudisha shule."

"Na mtoto mdogo?" Baba akauliza.

"Akaenda naye. Mgongoni. Si mmeona wenyewe?"

Kwa ule mwanga kidogo wa gari niliona mkono wa Baba umeshika mfuko wa koti.

Baada ya hapo tulikula chakula cha watu arobaini na mmoja. Wali wa Krismasi nje ya Krismasi. Hakuna aliyeuliza tena nani alisema arobaini.

Jumatatu nikaamka mapema nikachukua kombeo la ndege. Baba alikuwa amekaa nje. Akanitazama, akatazama kombeo.

"Weka hiyo. Nyanya yako ana kelele kukushinda. Chukua kigoda, chukua Oketcho."

"Mwalimu anakataa watoto wachanga, Baba."

"Mwambie Mwalimu Barasa wa China alikubali."

Na jioni ile akaniita nyuma ya ghala, akatoa barua. Nikaisoma. Baba mdogo alikuwa bado anazungumzia malwa, tena mistari sita. Nikaiangalia ile mistari, nikamwangalia Baba, nikasema, "Anasema anakusalimia sana, na anakukumbuka." Baba akatikisa kichwa, akasema ndugu yake amekuwa mtu mzima sasa. Nilimsomea barua namna hiyo miaka mitatu, mpaka nilipomaliza darasa la sita katika shule ya misheni, na wale ndugu wawili walipatana kama hawajawahi kupatana.

Miaka ikapita, nikawa nauza samaki sokoni Busia. Siku moja mzee mmoja mwenye suruali ya mkunjo akasimama mbele ya ndoo yangu. Nilimjua kwa ule mkunjo. Nikamkumbusha, tukacheka mpaka wateja wakaondoka. Nikamuuliza kama aliwahi kuuona mkebe wa pili.

"Mkebe gani wa pili?" akasema. "Ilikuwa mmoja tu. Inaishia pale. Baba anamchukua, imekwisha."

"Na barua?"

"Barua aliniambia nyanya yako, na wewe alinionyesha kwa kidole. Wali wote ule, mama, ningesema nini?"

Mwezi uliopita niliwasimulia wajukuu. Siku hizi wao sinema wanaiweka mfukoni, wanaiangalia nusu wamelala, wanairukisha kwa kidole mpaka mwisho halafu wanasema haina maana. Wa kwangu mmoja akasema hiyo ya Wachina haikosi kuwemo humo ndani ya simu, aitafute tuone mwisho wa kweli. Akaanza kubonyeza. Nikamwambia aache, alete mchele nichambue. Siku hizi tunaula hata Jumanne, na utamu wake sijui umekwenda wapi. Mwisho wa kweli akaangalie yeye. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita kwa ule wa Wanyama.