Saundi Kadi na Sauti ya Mama

Muuzaji aliisifia saundi kadi ile kwamba ni nzuri mno, ina taa. Inawaka kijani ukiimba sawasawa, nyekundu ukizidisha. Nikamwambia, "Hongera kaka, taa nzuri." Hakunielewa. Akamgeukia mama yangu, aliyekuwa amepewa kiti cha plastiki pale mlangoni.

"Mama, huyu anataka ya namna gani?"

"Muulize mwenyewe," mama akajibu. "Ana mdomo kuliko mimi."

Kweli ninao. Sioni tangu utotoni, napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa letu huku Ilemela, na hakuna kinachonipandisha hasira upesi kama mtu kumuuliza mwenzangu habari zangu na mimi nimesimama pale pale.

Saundi kadi ni kisanduku kidogo tu. Unachomeka maikrofoni upande mmoja, kompyuta upande mwingine, sauti inaingia inarekodiwa. Miaka yote nilirekodi kwenye studio za watu, nikisubiri mwenye macho anibonyezee. Safari hii nilitaka ya kwangu, nyumbani, na nilikuwa na haraka. Mama alikuwa ametoka Bukoba kuja kufanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni, na daktari hakutuzungusha. Alisema mshipa unaoendesha sauti unapita hapo hapo, kwa hiyo sauti inaweza kubaki, na inaweza kubadilika.

Wenye macho wana picha za mama zao ukutani. Mimi nina ile sauti. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa anaimba kutwa nzima ili nijue yuko wapi, jikoni au kwenye migomba. Nilitaka niihifadhi kabla ya kisu, na studio mama alikuwa ameshaikataa. "Nikaimbe mbele ya vijana waliovaa hereni? Thubutu!" Kwa hiyo nimrekodi mimi, peke yangu, au asirekodiwe kabisa.

Muuzaji akanipa ya kwanza mkononi. Laini kama sahani, haina kitufe hata kimoja.

"Ya kisasa hiyo dada. Unagusa tu."

"Nagusa wapi?"

"Hapo penye alama."

Mungu nipe subira! Ya pili ilikuwa na vitufe, lakini ukibonyeza vinarudi palepale, na kilichobaki cha kukuambia kama umewasha au umezima ni taa. Zile zile taa zake. Ya tatu ilikuwa kwenye boksi lililofungwa, na hiyo akagoma kuifungua.

"Ukifungua umenunua. Picha yake hii hapa juu ya boksi."

"Kaka, picha yangu mimi iko humo ndani."

Tukabishana hapo, yeye ana sheria za duka, mimi nina vidole. Katikati ya mabishano nikasikia karatasi inachanika, krraa, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Nimeshafungua, baba," mama akasema kwa upole kabisa. "Sasa mpe aione."

Muuzaji akaniwekea mkononi. Nami nikaiona. Vifundo vya kuongeza sauti vilikuwa na mwanzo na mwisho, ukizungusha vinagota. Kitufe cha kupeleka umeme kwenye maikrofoni kilizama kikiwashwa, kikainuka kikizimwa. Tundu la hedifoni lilikuwa mbali na mengine, huwezi kukosea. Nikasema, hii hii. Akanung'unika kwamba hilo ni toleo la zamani. Nikamwambia hata mama ni toleo la zamani na bado tunampenda. Mama akanifinya.

Nyumbani nikatundika blanketi ukutani, nikamkalisha mama kitandani, maikrofoni mbele yake. Tukasubiri ndege iliyokuwa inapaa ipite juu ya vilima vyetu vya mawe iishilie mbali. Kompyuta yangu inaongea, inanisomea kila kinachotokea kwenye kioo, na Kiswahili chake ni cha mzungu mwenye mafua. Mama alipoisikia alicheka mpaka akakohoa. Nikaogopa isije ikaropoka katikati ya wimbo, nikainyamazisha. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Mama akaimba.

Aliimba wimbo wa bibi yake, polepole, na kwenye hedifoni nilimsikia mpaka pumzi inavyoingia. Nililia, sitaki kuficha. Alipomaliza nikairudishia kompyuta sauti yake, nayo ikanitangazia kwa furaha zake zote kwamba kuna ujumbe unasubiri nikubali. Ulikuwa umejitokeza kabla hata sijabonyeza. Hakukuwa kumerekodiwa kitu! Nilimsikia mama kwa sababu saundi kadi inakupelekea sauti masikioni moja kwa moja, kompyuta irekodi isirekodi. Mtu wa macho angeona kioo kimeganda. Mimi nilikuwa nimelinyamazisha jicho langu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kwa hiyo nimeliimbia blanketi?" mama akauliza.

"Mama, rudia. Nakuomba."

"Maji yakimwagika hayazoleki." Akainuka kitandani. "Lakini kisimani yamo. Ngoja kwanza nimenye ndizi, njaa inaniuma."

Akaenda jikoni, nikasikia kisu kinaanza kazi, na hapo hapo, bila kuombwa na mtu, akaanza kuimba. Mama yangu mikono yake ikiwa mitupu huimba kama yuko kanisani. Ikiwa na ndizi, huimba kama yuko kwao. Nikabeba vitu vyote, nyaya shingoni, nikaweka saundi kadi juu ya ndoo iliyofunikwa. Vidole vikatafuta kitufe, kimezama. Kifundo, nikakigotesha mwanzo kisha nikakipandisha kidogo. Kompyuta niliiacha iropoke itakavyo, ikasema inarekodi. Sasa mwanzoni mwa wimbo wa bibi yupo mzungu mwenye mafua, na maganda yanaanguka kwenye beseni mpaka mwisho. Sijafuta hata moja.

Mama akapasuliwa wiki hiyo hiyo. Waliponiruhusu kumwona, muuguzi alinifikisha mlangoni akaniambia ni kitanda cha dirishani, kisha akaitwa kwingine. Nikasogea na fimbo yangu taratibu. Nilipokaribia, mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye sauti nzito ya kukwaruza, akaniuliza kama nimekula.

Nikajua ni mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Shikamoo mama," nikamwambia. "Samahani, namtafuta mama yangu."

"Marahaba," sauti ile ikaniitikia. "Umempata."