Ukanda wa Nyasi wa Bibi Martina

Kosa langu la kwanza kubwa katika uwakili nililifanya kwenye hati iliyopangwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilikuwa nimeichapa upya mara kumi na moja. Mara ya saba ilikuwa kwa ajili ya nukta moja. Nakusimulia wewe mdogo wangu unayeanza kazi hii, ingawa umri wangu haujaniruhusu kukuita mwanangu. Nimekutangulia miaka michache tu, lakini aibu ninayo ya kutosha kukugawia.

Nilirudi Mbulu na leseni mpya na hofu ya siku nyingi. Chuoni nilizama kwenye sheria za kampuni, na kampuni hapa kwetu ni chache. Watu wana mashamba. Kwa hiyo sheria ya ardhi nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu nilichopewa na wakili aliyekuwa anastaafu. Nilikisoma mpaka jalada likabanduka. Niliamini kwamba mtu akisoma kitabu mpaka kikachakaa, basi anajua. Sikujiuliza kitabu chenyewe kiliandikwa lini.

Mteja wangu alikuwa Bibi Martina, mjane wa Tlawi. Shemeji yake, Mzee Bura, alikuwa ameziba kwa matawi ya miiba ukanda wa nyasi ulioko bondeni, kando ya kijito. Bibi alisema ukanda ule ni sehemu ya shamba alilogawiwa marehemu mumewe. Ndipo mahali pake pekee ambapo nyasi hubaki mbichi wakati wa kiangazi, naye alikuwa na ng'ombe wawili. Bila ukanda ule, hawangefika msimu wa mvua.

"Mmoja ana mimba," aliniambia, "na mwingine ana kiburi. Lakini wote wanakula."

Nilimhakikishia kwamba nitaandika kitu ambacho hakuna atakayekipinga. Sikwenda shambani. Nilikaa ofisini nikipima pambizo kwa rula, kweli kabisa, kwa rula, kisha nikafungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mzee Bura naye alikuwa na wakili, mtu mzima kutoka Katesh, mwenye sauti ya polepole. Pingamizi lake lilikuwa la ukurasa mmoja tu. Alisema kwamba siku hizi baraza la kata haliamui tena migogoro ya ardhi, ila hupatanisha; na kwamba baraza la wilaya haliwezi kusikiliza shauri la ardhi mpaka kata ithibitishe kuwa imejaribu kupatanisha ikashindwa, au siku thelathini zipite tangu mgogoro ufikishwe kata bila suluhu. Je, mwenzangu anao uthibitisho huo? Mwenzake, yaani mimi, hakuwa nao. Kitabu changu kilisema shauri la shamba la thamani ile linaanzia wilayani moja kwa moja. Kitabu kilikuwa kimepitwa na sheria, na mimi nilipitwa pamoja nacho.

Shauri likaondolewa. Mwenyekiti wala hakunikemea. Alisema tu kwamba limefika kabla ya wakati wake, akaita linalofuata.

Nje, Bibi Martina alinisubiri ukutani na mfuko wake mkononi. Nilianza kueleza. Nikasema kumekuwa na hoja ya mamlaka, kwamba shauri halikutupwa bali limeondolewa, kwamba kuna tofauti kati ya hayo mawili. Tofauti ipo kweli, maana lililoondolewa unaweza kulirudisha ukitimiza masharti. Lakini mimi sikuwa naeleza tofauti. Nilikuwa najificha nyuma yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, sema kama unavyosema nyumbani kwenu."

Halafu nikasema, "Bibi, nimekosea mimi. Tulitakiwa kuanzia kata. Sikujua."

"Alaa," akasema. "Mimi nilidhani ni shamba ndilo lililokosea."

Akacheka. Mimi sikuweza. Nilimwambia ada sitachukua na kwamba akitaka wakili mwingine nitampeleka mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayetazama ndama aliyesimama vibaya.

"Huyo mwingine nimfundishe njia ya kwangu upya? Kata ni lini?"

Wiki iliyofuata tulikwenda kwenye ofisi ya kata. Hapo nikakutana na sheria nyingine, hii niliijua: wakili haruhusiwi kumsemea mtu kwenye baraza la kata. Bibi alifurahi sana kusikia hivyo. "Basi leo wewe ndiye mteja wangu," akasema. "Kaa pale kwenye benchi. Usiogope."

Nilikaa. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko ile ya wilayani. Bibi aliongea kwa kuzunguka, akaanza na mwaka aliofika kama bibi harusi, akapita kwenye ugonjwa wa mumewe. Mimi kwenye benchi nilikuwa nang'ata ulimi. Nilitaka kumwambia aseme mipaka. Wajumbe hawakuwa na haraka. Mmoja wao, Mama Veronika, mama wa makamo aliyefunga kitenge mabegani, alisema tu, "Haya, twendeni tukaone."

Tukashuka bondeni sote, Mzee Bura mbele, mtu mrefu aliyejifunga shuka na kukasirika tangu asubuhi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona shamba ambalo nilikuwa nimeliandikia kurasa ishirini na mbili. Katika kurasa hizo nilikuwa nimeandika kwamba mpaka wa chini ni kijito. Kumbe kijito chenyewe kilihama miaka mingi iliyopita, na kila mtu pale alijua hivyo, hata ng'ombe.

Mama Veronika hakuwauliza mpaka uko wapi. Aliuliza, "Baba yenu alipokuwa hai, mkikata nyasi, mlikuwa mnatua mizigo wapi kupumzika?"

Bibi Martina akaelekea kwenye jiwe moja pana. Mzee Bura akasita, kisha miguu yake ikampeleka kwenye jiwe hilohilo. Wakasimama pande mbili.

"Yeye alikuwa anatua huku, mimi huku," akasema Mzee Bura, kwa sauti ya chini. "Halafu ananicheka mzigo wangu mdogo."

"Ulikuwa mdogo," akasema Bibi.

Watu wakacheka. Mama Veronika akaacha kicheko kiishe, ndipo akamgeukia Mzee Bura akauliza, "Sasa miiba ya nini, Baba Emanueli?"

Hapo ndipo lilipotoka neno ambalo halikuwemo kwenye kurasa zangu wala kwenye ule mmoja wa wakili mwenzangu. Mzee Bura alikuwa ameona kijana mgeni anakata nyasi ukandani mara tatu. Akauliza majirani, akaambiwa ni mtu wa Nangwa. Akaamini kwamba shemeji yake anauza ardhi ya baba yao kwa mgeni.

"Yule ni mtoto wa dada yangu!" Bibi akapaza sauti. "Alikuja kunisaidia nilipoumia mguu. Ungeniuliza!"

"Ungeniambia umeumia mguu," akajibu Mzee Bura.

Kijito kilikuwa kinapita pale kilipohamia.

Waliafikiana mchana uleule. Mzee Bura angeondoa miiba yake, na Bibi, kama siku moja akitaka kuuza chochote, angemwambia yeye kwanza. Katibu aliandika makubaliano kwa mkono, kwa mwandiko wa kulala. Vidole viliniwasha. Nikaomba ruhusa ya kusema jambo moja tu kama mtu wa kawaida, nikauliza kama jiwe limeandikwa kuwa alama ya mpaka. Halikuwa limeandikwa. Likaandikwa, pamoja na mipaka yote minne, majina ya waliokuwepo, sahihi na dole gumba, na muhuri wa baraza. Kila upande ukapewa nakala yake. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyofanya siku ile, na naionea fahari mpaka leo.

Sasa mdogo wangu, nikuachie nasaha. Kabla hujaandika neno, jiulize kama sheria unayoisimamia bado iko pale ulipoiacha. Wewe wa ardhi, anza na kata. Wewe wa jinai, wa mirathi au wa mikataba, usijione umepona: sheria zetu zimefanyiwa urekebu, yaani zimepangwa na kuchapishwa upya, na namba za vifungu vingi zimehama, kwa hiyo kifungu ulichokariri huenda leo kinazungumzia jambo jingine kabisa. Mfumo wa kielektroniki wa mahakama utaipokea hati yako hata kama ina kosa. Haukuonyi kwa sababu haukupendi wala haukuchukii. Mteja wako mwambie mambo kwa Kiswahili cha nyumbani, maana mahakama yenyewe sasa inasema Kiswahili na hatuna tena pa kujificha. Na nenda ukaone. Kama ni shamba, shuka bondeni. Kama ni mkataba, kaa na waliouwekea saini. Kama ni mtuhumiwa, msikilize mpaka afike mwisho, hata akianzia alikozaliwa.

Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyohiyo, kwa mdomo wako.

Nakuombea kazi yako iwe na mvua yake kwa wakati, wateja wako wakusalimie njiani baada ya shauri kwisha, na kalamu yako isikimbie mbele ya miguu yako. Wazee wetu huku wanapobariki, waliokaa huitikia kwa pamoja. Itikia basi, hata kama uko peke yako ofisini.

Ng'ombe wa Bibi alizaa jike. Yule mwingine bado ana kiburi.

Mimi bado napima pambizo kwa rula. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi napima baada ya kurudi kutoka shambani.