Kiti cha Dereva

Tangu kodi za nyumba za mtaa wa Bulengera zimshinde, mwalimu wa hesabu aliyetumwa kutoka Kisangani anaishi ndani ya minibasi bovu, uani kwa fundi wa magari. Kila asubuhi hunyoa ndevu kwenye kioo cha dereva huku akiimba, kisha hunyoosha shati kwa viganja vyenye chaki. Jumamosi moja mkuu wa shule alikuja kujionea aibu aliyosimuliwa. Mwalimu alimfungulia mlango.

“Karibu, Directeur. Kaa pa dereva, ndiyo salon ya kupokea wageni.”

Mkuu alikunywa chai, akashika usukani, akatazama viti vya nyuma kwa muda mrefu.

“Mwalimu, mwenye nyumba yangu naye amenipatia siku kumi nihame. Huku nyuma kuko nafasi?”

Mwalimu akacheka, akaanza kuhamisha vitabu.