Mchuzi wa Chupa Uliopanda Ngazi

Saa nne kasoro asubuhi, Rosanne Iacobucci anashuka ngazi za mbao kwenda jiko lililo chini ya nyumba. Kwapani ana chupa mbili za mchuzi wa nyanya za dukani, mkononi ana soseji za nguruwe zilizofungwa kwa karatasi ya bucha. Juu ya ngazi, nyuma ya kigeti cha mbao, mwanamke wa miaka tisini na mmoja amekaa kitini na mkongojo mapajani, anamsimamia kama mnyapara.

"Umewasha moto mkubwa!" anapaza sauti Bi. Assunta Del Vecchio.

"Hata kiberiti sijashika, Zia!"

"Basi ukishika, usiwashe mkubwa."

Zia maana yake shangazi, na hapa mtaa wa Knightsville, mjini Cranston katika jimbo la Rhode Island, Marekani, nusu ya watu humwita hivyo ingawa hawana undugu naye. Rosanne, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, naye si ndugu. Ni mhudumu wa wazee majumbani, ameajiriwa na kampuni ndogo ya mjini. Huingia saa tatu asubuhi na kutoka saa sita mchana. Katika muda huo humwogesha Bi. Assunta, humpa dawa, humfulia na kumpikia. Hulipwa dola kumi na nane kwa saa, na mafuta ya gari ni juu yake mwenyewe.

"Mchuzi wa kweli wa Jumapili unataka asubuhi nzima," anasema huku akikata kitunguu. "Mimi nina dakika arobaini, na humo humo nifue. Kwa hiyo ni chupa. Anayetaka kunisema aje afue yeye."

Maneno hayo si madogo mtaani hapa. Wajukuu wa waliovuka bahari kutoka Italia huweza kukusamehe talaka, hata deni, lakini si chupa ya mchuzi. Rosanne anasema amewaona wanawake wazima wakiifukia chini ya kabichi mpaka wafike kwa keshia. Hizi za Bi. Assunta hununuliwa na mwanawe wa pekee, Gerard, fundi wa mabomba anayeishi mwendo wa saa nzima kutoka hapa. Akikuta zimeshushwa bei, hubeba katoni.

Kwa Rosanne, chupa haiendi moja kwa moja kwenye sufuria. Kwanza hukaanga soseji mpaka zishike rangi na kuacha ukoko chini. Hufuata kitunguu, kisha kitunguu saumu, kisha kijiko cha nyanya ya kopo, ambayo huikaanga mpaka wekundu wake ugeuke rangi ya tofali. Humwagia divai kidogo na kuukwangua ule ukoko. Hapo ndipo chupa hufunguliwa. Ikishamiminwa, huitia maji, akaitikisa na kuyarudisha sufuriani, kwa sababu hatupi kitu. Hutumbukiza ganda gumu la jibini ya maziwa ya kondoo, na majani ya rehani huyatia mwisho kabisa, moto ukishazimwa.

"Mchuzi wa chupa una makosa mawili," anasema. "Ni mtamu kama soda, na haujawahi kukutana na nyama. Mimi kazi yangu ni kuukutanisha."

Ujuzi huo wote, mwanzoni mwa mwaka huu, haukumsaidia kitu.

Bi. Assunta alivunjika nyonga kabla ya Krismasi. Aliporudi kutoka hospitali mwezi Januari, aliacha kula. Kila adhuhuri Rosanne alimwekea sahani ya pasta mbele yake, na kila adhuhuri bibi alichukua uma mara mbili, akaisukuma sahani katikati ya meza. Hakulalamika. Alisema tu ameshiba. Kufikia mwisho wa Februari alikuwa amepungua kilo nane, na pete ya ndoa ilikuwa imehamia kidole gumba.

Daktari hakuuma maneno. Alimwambia Gerard kwamba uzito ukishuka tena kabla ya Pasaka, mama yake hataweza kuendelea kuishi nyumbani kwake. Atahitaji kuhamia nyumba ya kutunzia wazee. Gerard alikwenda kuitazama moja, akaandikisha jina la mama yake.

"Mimi si mtu wa kumtupa mama," anasema kwa simu, sauti yake ikikatikakatika kwa kelele za kazini. "Lakini nikimkuta siku moja amekauka kitandani, nitajiambia nini?"

Rosanne aliamini kosa liko sufuriani. Alikwaruza karoti, akidhani labda nyanya zina uchachu. Alitia siagi. Alinunua chupa za bei ghali kwa fedha yake. Mwishowe, Jumapili moja, siku yake ya mapumziko, alisimama jikoni kwake tangu asubuhi na kupika mchuzi wa kweli, bila chupa, kama alivyofundishwa na mama yake. Kesho yake aliuleta na kuupasha moto.

"Akaonja. Akaweka uma. Akaniambia, 'Wa chupa huu,'" anakumbuka Rosanne. "Nilimwambia sawa, Zia. Nikaenda kulia garini."

Jibu lilikuja kwa bahati tu, Jumanne moja ya mwezi Machi. Soseji zilirusha mafuta, moshi ukapanda na kujaa jikoni, ukatua kwenye mapazia meupe. Bi. Assunta akatokea sebuleni na mkongojo wake, kwa mwendo ambao Rosanne hakuwa ameuona tangu arudi kutoka hospitali.

"Unafanya nini hapa?"

"Nakupikia, Zia."

"Hapa? Unakaanga hapa? Kwenye jiko la wageni? Mama yako alikulea zizini?"

"Sasa nipike wapi?"

"Chini! Kwani watu wanapika wapi?"

Nyumba za wazee wa Knightsville zina majiko mawili. La juu hung'aa mwaka mzima. Hapo huchemshwa kahawa, na padri akija hukatiwa keki. La chini, kando ya mtambo wa kupasha nyumba joto, ndiko kunakokaangwa na kuchemshwa kila kinacholiwa. Rosanne alizaliwa mitaa miwili kutoka hapa na analijua hilo tangu utoto. Nyumbani kwao tanuri la juu halikuwahi kuwashwa, mama yake alitunzia humo vitambaa vya meza. Lakini mazoea yana taabu. Amepanga chumba na jiko ghorofa ya tatu miaka mingi sasa, na alipoona jiko safi lenye dirisha, alidhani ni la kupikia.

Tena mlango wa chini ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Gerard aliufunga mwenyewe siku mama yake aliporudi, kwa kuhofia ngazi. Na kampuni haitaki mhudumu awe ghorofa moja na mgonjwa ghorofa nyingine.

Rosanne alimpigia Gerard simu siku hiyo hiyo. Gerard alidhani mhudumu ameanza kuchoka akili, lakini alikuja Jumamosi, akafungua mlango na kuweka kigeti juu ya ngazi kama vile vya kuwazuia watoto wanaotambaa. Msimamizi wa kampuni alikubali kwa sharti kwamba kigeti kifungwe na wawili hao wawe wanasikilizana. Sharti hilo la pili halijapata tabu. Majirani nao wanasikia.

Bi. Assunta alikitazama kile kigeti kwa muda mrefu.

"Nimerudi kunyonya?" aliuliza.

Siku ya kwanza Rosanne alishuka na chupa ile ile na soseji za bucha ile ile. Hakubadilisha kitu. Kitunguu kilipoanza kulainika, alisikia kiti kikilia juu.

"Unaunguza kitunguu."

"Siunguzi, Zia."

"Unaunguza. Harufu imeshafika huku."

Alipopanda na sahani, alimkuta bibi ameshajifunga kitambaa shingoni. Alikula pasta yote. Kisha akamega mkate na kuipangusa sahani mpaka ikabaki nyeupe. Rosanne alikaa kwenye ngazi.

"Niliogopa nikifungua mdomo ataacha," anasema.

Mwandishi wa habari hizi alimuuliza Bi. Assunta kwa nini hakusema tangu Januari kwamba anataka chakula kipikwe chini. Alijibu bila kusita.

"Binti wa Iacobucci ni wa hapa hapa. Mwenye macho haambiwi tazama."

Je, anajua kwamba anacholishwa ni mchuzi wa dukani?

"Mimi ni mzee, sijafa," anasema. "Najua ni wa chupa. Anaufanyia kazi, nao umekubali. Lakini chakula cha chini kinapanda ngazi chenyewe kuja kukuita. Unakisubiri, unakasirika kinachelewa, njaa inakuja. Cha juu unaletewa tu. Hata hospitali waliniletea."

Kwenye kipimo cha Pasaka alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu. Daktari ameahirisha uamuzi hadi vuli. Gerard bado hajaliondoa jina la mama yake kule alikoliandikisha. Anasema huenda akaliondoa, huenda asiliondoe. Majira ya baridi hapa ni marefu, na mama yake anaelekea miaka tisini na miwili.

Rosanne amezika wateja wengi katika kazi hii, na anasema asiyejifunza kutojipa matumaini sana hadumu. Hata hivyo ana mpango, na anautaja kwa aibu kidogo. Mwezi Agosti, nyanya zikiiva, anataka zisindikwe humu chini, kama zamani. Mashine ya kusaga ya marehemu mzee Del Vecchio bado ipo pembeni, imefunikwa shuka. Anafikiria masanduku mawili, ili bibi apate kunusa tu.

Kutoka juu ya ngazi, Bi. Assunta amesikia.

"Masanduku mangapi?"

"Mawili, Zia."

"Mawili ni ya kuchezea. Agiza kumi na mawili."

Rosanne anaweka mwiko chini na kuinua uso.

"Kumi na mawili? Hiyo ni michuzi ya miaka miwili! Nani atakula yote hiyo?"

Mchuzi unachemka taratibu.

"Mimi," anasema Bi. Assunta. "Wewe koroga."