Biti Juu ya Kosa la Mama

Mimi nasikiliza albamu, si nyimbo. Naanza na wa kwanza namaliza na wa mwisho, bila kuruka hata ule mbaya, kama mtu anayekula ugali wa ugenini. Na ninachoweza kusema kuhusu albamu za miaka hii ni kwamba nimelishwa vibaya.

Duka langu la vipuri vya pikipiki lipo karibu na soko, hapa Sumbawanga mjini, na bodaboda wanaokuja kubadilisha cheni huniletea muziki mpya kabla redio hazijaupata. Nianze na hip hop, kwa kuwa ndiyo niliyoipenda zaidi. Zamani mtu alichana mistari ukakaa chini ukaitafakari. Siku hizi albamu ina nyimbo ishirini, kila wimbo umejaa wageni waalikwa, na wote wanajisifia gari ambalo ukiwauliza plagi yake iko wapi hawajui. Sauti zimepitishwa kwenye ile mashine ya kunyoosha sauti mpaka huwezi kujua nani ana mafua na nani ana huzuni. Halafu kuna wale wanaojirekodi chumbani na gitaa moja. Wanajiita huru, hawana bosi. Sawa, bosi hawana, lakini hata pumzi hawana. Wananong'ona albamu nzima utadhani chumba cha pili kuna mgonjwa. Muziki wa kompyuta niliuheshimu kidogo, kwa sababu angalau haujidai kuwa na jambo la kusema. Heshima hiyo iliisha mwaka jana, na aliyeimaliza ni ndugu yangu.

Ni mtoto wa mama yangu mdogo. Amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, ni prodyuza, na Kifipa anajua salamu tu, tena kwa kubahatisha. Alikuja huku Krismasi ya mwaka juzi, akaniambia, "Kaka, natafuta sauti za asili kwa ajili ya albamu. Mama mkubwa si anaimba?"

Kumuuliza mtu wa Pito, kijijini kwetu, kama mama yangu anaimba ni kuuliza kama Ufipa kuna baridi. Mama ndiye anayeanzisha nyimbo: kwenye sala za jumuiya, msibani, na zamani kwenye kupura ulezi, watu walipojipanga pande mbili na magongo yao. Kuanzisha si kuwa na sauti nzuri tu. Wimbo wa kupura unaingia katikati ya pigo na pigo. Ukiingia mapema unawavuruga wapigaji, magongo yanagongana. Mama hakuwahi kuingia vibaya. Watu walilisema hilo mbele yake, naye alijifanya hasikii, lakini alikuwa anasikia. Waliojua wimbo ule mzima pamoja naye wamekwisha kufa. Sisi tuliobaki tunajua kuitikia tu, na siku hizi wengi wanaukanyagisha ulezi kwa trekta.

Nilikuwepo jikoni kwa mama siku ya kurekodi. Ndugu yangu aliweka simu juu ya kigoda, akasema, "Mama mkubwa, imba chochote cha zamani." Mama akaanza wimbo wa kupura, peke yake, amekaa, hakuna gongo hata moja. Akaingia mapema. Akakatika, akasema neno moja la Kifipa, refu, lenye mlio mzuri, kisha akakohoa. Halafu akachukua mwiko, akagonga ubavu wa kinu mpaka pigo likatulia, akauimba tena wote, mwanzo hadi mwisho. Mwili ulinisisimka. Ndugu yangu alikuwa anatikisa kichwa, amefumba macho, nikadhani tumesikia kitu kimoja.

Albamu ilitoka wakati wa mavuno. Bodaboda mmoja wa Malangali, hapahapa mjini, aliifungulia kwenye spika yake mbele ya duka langu, huku anacheka mpaka anashikilia kaunta.

"Bosi, huyu si mama yako?"

Kwanza ngoma ya mashine, na besi inayotikisa makopo yangu ya oili. Halafu sauti ya mama, lile neno moja, limekatwa, limerudiwa, limepandishwa, limeshushwa, limegeuzwa nyuma mbele. Maelezo ya albamu kwenye simu yalisema ni neno la kale la kuita mvua. Watu mtandaoni waliisifu sauti ya mababu.

Neno lenyewe maana yake ni "nimekosea".

Nimekosea, nimekosea, nimekosea, dakika sita nzima, na kikohozi chake kimefanywa manyanga. Wimbo wenyewe haumo, hata mstari mmoja. Ametupa nyama akapika manyoya. Na hata hayo manyoya hayakuiva: besi yake imetua palepale magongo yanapoacha nafasi ya pumzi. Nimesikiliza uchafu mwingi maishani, lakini huu ulinitoa nje kutema mate.

Dar wanacheza bila kujua. Huku tunajua. Vijana walianza kusalimiana kwa neno lile. Mmoja alimpita mama njiani, akamwamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akaongeza neno lenyewe kwa sauti ya kukatikakatika. Mama aliitikia marahaba akaendelea na safari. Lakini kwenye sala ya jumuiya iliyofuata, watu walipomngoja aanzishe wimbo, aliinama akaangalia miguu yake. Walingoja sana. Mwishowe jirani akauanzisha, juu mno, na wote wakakwama kwenye ubeti wa kwanza.

Jioni ile alinitaka nimwekee huo muziki. Aliishikilia simu sikioni mpaka muziki ukaisha.

"Na ule wa pili uko wapi?" akaniuliza. "Wa pili niliuimba sawa. Mwambie awape watu wa pili."

Nikampigia ndugu yangu, nikamweleza kwamba neno lile halihusiani na mvua yoyote. Akacheka kicheko kifupi.

"Aisee! Lakini kaka, lina hisia. Ndiyo maana watu wamelipenda."

"Tutumie wimbo mzima. Mama anautaka."

"Ule mrefu? Niliufuta, kaka. Simu ilikuwa imejaa."

Nilimtukana kwa Kifipa, tusi ambalo sitaliandika hapa, na najua hakuambulia kitu. Pengine atalitia kwenye albamu ijayo.

Nilikwenda Pito nikamwambia mama ukweli. Alikuwa anapepeta ulezi, na hakuacha kupepeta. Nikasema basi tuurekodi wenyewe, mimi na yeye, bila biti ya mtu. Nikatafuta gongo, nikawasha simu nikaiweka mbali kidogo, kwenye nyasi, nikaanza kupiga chini taratibu, pigo na nafasi, pigo na nafasi, kama nilivyowaona wakubwa wakipiga. Mama akaweka ungo chini. Akavuta pumzi, nikaona kifua kimeinuka na mdomo umefunguka. Niliendelea kupiga. Nafasi ya kuingia ikapita, ikaja nyingine, nayo ikapita.

"Acha, mwanangu," akasema, akaushika tena ungo. "Nitakosea."