Dawa ya Mama kwa Chaza Wangu

Chuo kilipofungwa tulipewa saa chache tuwe tumetoka. Wenzangu walibeba magodoro. Mimi nilibeba karai la tope linalonuka na dumu la maji ya bahari. Ndani ya tope walikuwamo chaza weupe, wadogo kama vifungo vya koti, wa utafiti wangu. Mwalimu wangu alikuwa ameniambia waziwazi: wakiwa hai chuo kikifunguliwa, nafasi ya kuendelea na masomo ni yangu. Wakifa, basi.

Nikawaficha chini ya kitanda, nyumbani Kaloleni, huku Eastlands, mbali na bahari. Loo, uvundo! Mayai viza matupu. Jirani akauliza ni panya gani huyo amekufa asizikwe.

"Na wanakula nini hawa?" Mama akauliza.

Nikamweleza kwa maringo yangu yote ya chuo. Hawali. Ndani ya matamvua yao, zile nyama za kupumulia, wanaishi bakteria. Chaza huwaletea ile gesi inayonuka ya tope, nao bakteria humtengenezea chakula. Bila uvundo hakuna chakula.

"Wapangaji wanaompikia mwenye nyumba!" Mama akacheka. "Hapa kwetu wangekula wao kwanza. Lakini mama, bakteria si ndio ugonjwa?"

"Hawa ni wazuri."

"Ah, wapi!"

Siku moja nilishinda Industrial Area nikitafuta kibarua. Niliporudi, nyumba ilinukia sabuni. Tope lilikuwa limemwagwa mtaroni. Chaza walilala katika maji safi kutoka kwenye dumu langu, na juu yake ulielea unga wa manjano. Nikaujua mara moja. Eastlands nzima ilijitibu kwa kile kidonge cha rangi mbili: unakitenganisha, unamwaga unga wake kwenye kidonda, unaendelea na kazi.

"Walikuwa wamefumba vinywa, maskini," Mama akasema. "Nimewagawia dawa yangu ya kidonda cha mguu."

Dawa ya kuua bakteria. Nilitaka kupiga yowe, lakini niliuona ule mguu wake uliofungwa kitambaa. Nilikaa kitandani nikalia. Alidhani ni uchovu, akanipikia chai.

Laiti wangekufa siku ile ile! Walikufa njaa polepole, kwa mwezi mzima, ndani ya maji safi. Kila asubuhi nilikuta mwingine ameachama. Tope lingine lilikuwa pwani, na nauli sikuwa nayo. Nilijua hakuna la kufanya, na bado niliwachungulia.

Chuo kilipofunguliwa, mwalimu alimpasua wa mwisho. Matamvua yaliyopaswa kuwa manene yalikuwa membamba kama ganda la kitunguu. Hakunigombeza. Nafasi ilikwenda kwa mwingine, nami nikaingia kiwandani kufunga maboksi.

Mpaka anafariki, Mama aliwasimulia wageni habari za wale chaza.

"Kama si dawa yangu, hata huo mwezi wasingeumaliza," alisema, kisha akanigeukia. "Au sivyo, mama?"

"Ndivyo, Mama," nilimjibu kila mara.